UZI: Mhusika wako kwenye gemu za RPG anaitwa nani? Majina ya kwetu Kusini yanatosha kabisa

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, nina kibanda cha gemu maeneo ya Chuno, skrini tatu ni za mpira maana ndo zinalipa pango, alafu pembeni kuna kompyuta moja ya mezani ya zamani nimejaza RPG, gemu za kuishi kama mhusika unayemkuza mwenyewe, nyingi ni za mapanga, majoka na uchawi. Hiyo kompyuta hailipi ila ndo roho yangu ilipo.

Kuna jambo limenikaa moyoni wiki nzima nimeona nilete hapa tujadiliane. Hizi gemu karibu zote zinaanza kwa kukuuliza jina. Skyrim ya 2011 unaletwa kwenye mkokoteni umefungwa mikono, unashushwa, askari anaangalia orodha yake anakuta haumo, anakuuliza we nani? Hapo ndo unachagua kabila, sura, alafu jina. Morrowind ya 2002 unaamshwa usingizini ndani ya meli na mfungwa mwenzio, hujui umeletwa wapi wala kwa kosa gani, swali la kwanza kwako ni unaitwa nani. Yani kabla ya upanga, kabla ya hela, kabla ya viatu, jina.

Na vijana wangu hapa wanafanyaje? Wanabonyeza kitufe chochote wapite haraka wakapigane. Ukifungua orodha ya sevu, yani michezo iliyohifadhiwa, kwenye ile kompyuta utakuta aaaa, ffff, King, Boss, King2, aaaaa. Nimeacha hivyo hivyo miaka, nikasema watoto hao wacha wafurahi.

Sasa kuna dogo mmoja wa kidato cha pili, mpole, anakuja jioni na hela yake ya nusu saa. Alianza Skyrim kwa jina la jjjj. Amecheza likizo nzima. Ameua joka la kwanza pale kwenye mnara nje ya mji wa Whiterun, amepanda zile ngazi za mlimani, amenunua nyumba, ana mke. Juzi kaja hajalipa kwanza, kasimama mlangoni, kaniambia "kaka samahani, hivi jina linabadilishwaje? Huyu sio jjjj tena."

Wakuu nilikaa kimya. Maana mtoto yule alikuwa anasema kitu ambacho wazee wetu wa huku walikijua toka zamani. Kwetu, Wamakonde, Wayao, Wamakua, mtoto anaenda likumbi na jina lake la utotoni, akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la zamani ukimuita nalo anaona umemvunjia heshima. Jina la kwanza ni la kumuitia ugali. La pili amelipatia mahali.

Basi nataka tuongee hapa, nyie mnachaguaje majina ya wahusika wenu? Mimi msimamo wangu nausema mapema ili anipinge anayetaka: majina ya kwetu Lindi na Mtwara yanakaa kwenye gemu hizi vizuri kuliko hayo tunayookota mitandaoni, ila lazima uyachague kwa akili.

#2 (mchangiaji)

Mkuu uzi mzuri ila mbona jina halina kazi yoyote, Skyrim yenyewe hakuna mtu anakutaja jina toka mwanzo hadi mwisho, wote wanakuita Dragonborn, cheo cha shujaa wa ile gemu. Weka hata namba ya simu, gemu ni ile ile.

#3 (mleta uzi)

Mkuu hapo umegusa penyewe. Kweli hawalitaji, na sababu inajulikana: wakishaanza kurekodi sauti za watu halisi hawawezi kurekodi kila jina la duniani. Final Fantasy X ya 2001 ilikuwa ya kwanza kwenye ule mfululizo mkuu kuwa na sauti, na kwa vile mchezaji anaruhusiwa kubadili jina la shujaa, Tidus, basi watu wanaongea naye safari nzima, wanalia naye, wanapendana naye, na hakuna anayemtamkia jina lake. Baldur's Gate 3 ya 2023 mhusika unayemuunda mwenyewe anakuja na jina la Tav, hilo usipolibadilisha ndo lako, na napo hawakuiti. Dragon Age Origins ya 2009 walitafuta njia ya kati, jina la kwanza unachagua wewe, la ukoo umeshapangiwa, kama umezaliwa kwa wale mabwana wakubwa wewe ni Cousland hutaki unataka, kama ni mbilikimo wa ikulu wewe ni Aeducan. Hiyo mimi naipenda sana maana ndo maisha yalivyo, ukoo huchagui. Fallout 4 ya 2015 (sio ya mapanga ila ni RPG) wao walikaa studio wakarekodi majina zaidi ya 900 ili lile roboti la nyumbani likuite. Fikiria hiyo kazi, mtu amekaa na kipaza sauti anasoma jina moja moja. Kama jina halina maana wangehangaika hivyo kwa nini?

Alafu kuna gemu jina linafanya kazi kweli kweli. Dragon Quest ya kwanza kabisa, ya 1986, gemu inachukua herufi za jina lako inazipigia hesabu, na hiyo hesabu ndo inaamua nguvu zako za kuanzia na zipi zitakua haraka zipi zitakua pole pole. Watu wawili wanacheza gemu moja, mmoja anapata shujaa mwenye msuli mwingine anapata mwenye uchawi, tofauti ni jina tu. Nilipojua hilo nilimkumbuka mzee mmoja wa Mikindani ambaye watu walikuwa wanampelekea mtoto anayeumwa umwa, anachukua jina la mtoto na la mama yake anapiga hesabu za falaki, alafu anasema jina zito hili, limemzidi, mbadilishieni. Wajapani wameweka kwenye katriji kitu ambacho pwani yetu kipo siku nyingi.

Na Zelda ya 1986 hiyo hiyo, ukiandika jina lako ZELDA unapelekwa moja kwa moja kwenye safari ya pili ambayo ni ngumu zaidi, wakati wengine inabidi wamalize ya kwanza. Jina ni ufunguo hapo.

#4 (mchangiaji)

Me nakupinga kidogo mleta mada. Nimejaribu hiyo kitu ya majina ya kwetu, nikamtengeneza Mnord, mzungu wa barafu ana ndevu mpaka kifuani, nikamuita Hamisi. Kiukweli haikukaa. Kila nikimuona kwenye theluji naona kuna mtu kapotea njia. Majina ya gemu yabaki ya gemu.

#5 (mleta uzi)

Mkuu sikukatalii, umesema kweli, Hamisi wa barafuni hajakaa. Ila kosa sio la Hamisi. Wanord waliowaweka mle ndani wana majina ya kina Ulfric na Ralof, yana mlio wa Norwei na Aislandi ya zamani, wote, kuanzia mfalme mpaka muuza samaki. Kwaiyo ukimleta mmoja mwenye mlio mwingine peke yake lazima sikio ligome. Hata mtu wa Ulaya akimuita Mnord Giovanni itagoma vile vile. Siri ni mlio wa pamoja. Watu wa sehemu moja majina yao yanafanana sauti, ndo maana ukisikia jina unajua huyu katoka wapi.

Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana ndo nimefikiria sana. Sisi huku Kusini tuna huo mlio tayari, tena umenyooka kuliko wa gemu nyingi. Angalia ramani tu: Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Nanguruwe, Nanjilinji, Nangurukuru. Hiyo Na ya mwanzo. Alafu Chikongola, Chikundi, Chiungutwa, Chiwale. Alafu Liwale, Lisekese, Lulindi, Lukuledi, Lupaso. Mtu ambaye hajawahi kufika huku ukimsomea hayo majina atakwambia hii ni nchi moja. Kwaiyo mimi nikiunda kundi la wahusika wanne, wanawake nawaanzishia Na, wanaume Chi, na mahali walipotoka naanzisha na Li au Lu. Sio lazima liwe jina lililopo, natunga: Nalindwe, Namchero, Chiwambo, Chitulele. Nikimaliza wale wanne wanasikika ndugu. Hakuna hata mmoja aliyepotea njia.

Kuna makabila ya mle ndani yanatufaa moja kwa moja bila kutunga. Waargonia, wale wa mijusi, Skyrim ukienda bandarini Windhelm utawakuta wanaitwa Scouts-Many-Marshes, Stands-In-Shallows, yani jina ni sentensi nzima, mmoja anayezunguka mabwawa mengi, mwingine anayesimama kwenye maji mafupi. Sasa wakuu, nani duniani ana majina ya sentensi kutuzidi? Sikudhani. Sijaona. Sikujua. Semeni. Vumilia. Kila mtaa huku una Sikudhani wake na nyuma ya jina kuna kisa, kuna siku mama yake alipata au alipoteza kitu. Mimi Muargonia wangu mwizi anaitwa Sijaona, nilimpa kwa sababu ndo jibu atakalowapa askari, na nimecheza naye saa nyingi sana jina halijanichosha.

Wale wa paka, Wakhajiit, nao wana utaratibu wa vitangulizi. Ri' ni wa kiongozi, ndo maana mkuu wa msafara wa biashara anaitwa Ri'saad, Dar' ni wa mwizi, Do' ni wa mpiganaji. Sisi tumezaliwa kwenye lugha ya vitangulizi, m, wa, ki, vi, hiyo tunaielewa usingizini. Na ile alama ya juu ya kukata jina katikati, ambayo watunzi wengi wa gemu wanaitupia tu ili jina lionekane la ajabu na ukiwauliza inatamkwaje hawajui, sisi inayo kazi. Ng'apa pale Lindi. Kineng'ene. Ukiitoa ile alama umetaja kitu kingine. Kwaiyo ukimuita paka wako Ng'apa hakuna anayeweza kukwambia umeweka pambo.

Kwa anayetaka sauti ya kielfi, wale viumbe wa hadithi wenye masikio ya ncha, sauti ya ulimi laini, kuna mchezo wa utotoni, kinyume. Andika Newala kutoka mwisho: Alawen. Liwale: Elawil. Lindi: Idnil. Nisomeeni tena taratibu. Alawen binti wa Elawil! Nani atajua hao wametoka mashamba ya korosho? Kwa Mtwara herufi zinagoma ila ukigeuza silabi, kama tulivyokuwa tunaongea darasani mwalimu asielewe, unapata Ratwam, hilo ni la mbilikimo mhunzi kabisa. Kilwa inakuwa Lwaki. Na msidhani ni ujanja wa kitoto. Dungeons & Dragons yenyewe, ya 1974, ambayo ndo bibi wa gemu zote hizi, kuna mchawi wao maarufu anaitwa Drawmij, hilo ni jina la Jim Ward, mmoja wa watu wao, limeandikwa kutoka nyuma. Na Tenser ni herufi za Ernest zimechanganywa, mtoto wa Gary Gygax aliyeiandika ile gemu pamoja na Dave Arneson. Walianza hivyo hivyo mezani, kwa majina ya wana ndugu na marafiki.

#6 (mchangiaji, Lindi)

Kaka nimefurahi mno huu uzi, nilidhani huku Lindi nacheza hizi gemu peke yangu. Mimi nachezea kwenye simu kwa emuleta, programu inayoigiza ile mashine ya gemu ya PSP. Naomba msaada, nataka kuanza mhusika wa joka, yule binadamu mwenye magamba, mkubwa, mwanamke, mzito mzito hivi. Kila jina naona dogo. Na je cheo inafaa kukiweka ndani ya jina?

#7 (mleta uzi)

Dada yangu karibu sana, na wewe jibu liko nyuma ya nyumba. Tendaguru. Kilima chenyewe si kiko huko huko kwenu Lindi. Wajerumani walichimba pale toka 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, wapagazi wetu wakaibeba mabegani na vichwani mpaka bandarini, na ule mkubwa zaidi umesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake kama mita 13. Ukimuita joka wako Tendaguru umempa jina, umempa kabila, umempa na hasira, na kisa cha kuanzia unacho: ndugu zake wamechukuliwa, anawatafuta. Mimi nimeliweka hilo akilini miaka, sijawahi kulitumia kwa sababu nilikuwa sijapata mhusika anayestahili, chukua wewe.

Ukitaka la mtu kabisa, Somoe. Huku kwetu kila ukoo una Somoe mmoja ambaye akiongea wanaume wanakaa chini. Somoe wa Tendaguru. Mimi nasikia nyayo.

Kuhusu cheo, weka, ila kiwe na sababu. Kilwa Kisiwani alikuwepo sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndo yule Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, watu walikuwa wanamuita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa anagawa. Hicho ni cheo ambacho tendo limekizaa. Mhusika anayegawa dawa na hela kwa kila ombaomba anayemkuta njiani mpe cha namna hiyo. Ila ukianza gemu leveli ya kwanza, umevaa gunia, panya anakushinda, alafu unaitwa Mfalme wa Giza Muangamizaji wa Dunia, hapo jina limekutangulia mno.

#8 (mchangiaji)

Na urefu je? Mie majina marefu yananikatikia katikati.

#9 (mleta uzi)

Inategemea gemu mkuu. Pokemon za mwanzo za kiingereza mwisho herufi 7. World of Warcraft, ile ya mtandaoni, kuanzia 2 mpaka 12, hamna nafasi katikati, hamna namba, na jina likishachukuliwa kwenye seva ile basi, ndo maana unaona watu wanaandika Legolasss na vitu vya hivyo. Hapo ndo Kusini tunatamba, Tandahimba herufi 10, Nachingwea 10, Mbwemkuru 9, Nangurukuru 11 inaingia inabaki moja. Sidhani kama kuna mtu wa Sweden kakuwahi kwenye Nangurukuru.

Final Fantasy ya kwanza, toleo la zamani la kiingereza, inakupa herufi 4 tu kwa kila mmoja wa wale mashujaa wanne. Wenzetu huko wanalalamika, kila jina wanalolitaka linakatwa mkia. Sisi: Juma, Asha, Pili, Issa. Zimeingia zote, hakuna kilichokatwa. Nilivyoandika hayo manne mara ya kwanza yakakaa sawa sawa kwenye skrini nilihisi kama ile gemu ilikuwa inatusubiri.

Tahadhari moja kwa wanaocheza za mtandaoni. Zina vichujio vya matusi ambavyo vinasoma kiingereza ndani ya jina lako. Dark Souls ilijulikana kwa hilo, mtu anaandika Knight, neno la kawaida kabisa, linatokea K***ht kwa sababu kuna herufi tatu katikati zimeogopwa. Mimi gemu moja nilitaka nimuweke babu yangu mzaa mama, Hassani, Mungu amrehemu, mvuvi wa Msimbati. Limekatwa, kwa ile "ass" ya katikati ambayo kwa kiingereza ni tusi. Nikaangalia zile nyota katikati ya jina la babu, iliniuma kwa kweli, nikaifunga sijairudia tena. Kwaiyo jaribuni kwanza kabla hamjamaliza masaa mawili kwenye kuchonga pua.

Alafu kuna mipaka mimi najiwekea, kila mtu na yake ila naisema. Jina la mtume siliweki kwenye mtu atakayeenda kuiba na kuchinja. La mzee aliye hai siliweki bila kumwambia. La mwali wa mtu, la kungwi, ya ndani ya likumbi na unyago, hayo hayaingii kwenye gemu hata kidogo, yana wenyewe. Majina ya mito, vilima, vijiji, ya kinyume, ya kutunga, hayo mchukue mpaka mchoke.

#10 (mchangiaji wa #4)

Mkuu nimerudi. Nimefuta Hamisi. Nimeanza elfi wa msituni anaitwa Alawen. Aisee.

#11 (mleta uzi)

Hahaa karibu nyumbani mkuu.

Walioniuliza inboksi kuhusu yule dogo: kwenye kompyuta Skyrim inawezekana. Unafungua ile konsoli, sehemu ya kuandika amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, unaandika showracemenu, inakurudisha kwenye ukurasa wa kuchonga sura, ukimaliza inakuuliza jina upya. Sevu kwanza, tena sevu mbili tofauti, na kabila usiliguse kabisa maana ujuzi na leveli vinaweza kuvurugika.

Jana jioni nilimkalisha hapo nikamwambia usikurupuke, huyu mtu amefanya nini mpaka leo, ametoka wapi. Akafikiria mpaka nusu saa yake ikaisha, sikumdai. Kasema huyu mtu kila akitaka kutoroka anafuata mto, kwenye ramani yote ya Skyrim yeye njia zake ni mito, hapendi barabara. Alafu akasema bibi yake yuko Mingoyo na huko mto anaoujua ni mmoja.

Ameandika Lukuledi. Kaandika taratibu kwa kidole kimoja, kaangalia kama kakosea, kabonyeza. Alafu kaniomba nisiifute ile sevu ya zamani ya jjjj, nikamwambia haifutwi. Anakuja tena leo saa kumi, umeme ukiwepo.